Kauli ya Daktari na Chanjo ya Mtoto: Mafunzo kwa Wahudumu wa Walatino Nchini Marekani

Ni bayana kwamba chanjo haifiki mwilini kabla ya kupita katika lugha. Makala haya yanadhihirisha jambo hilo kwa kurejelea jamii za Walatino nchini Marekani, hasa zile zisizofikiwa vyema na huduma za afya, na mafunzo wanayopewa madaktari na wauguzi wanaozihudumia.

Mfano mwafaka ni chanjo ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo hii iliidhinishwa nchini humo mwaka wa 2006, nayo hupendekezwa kwa watoto wa umri wa miaka 11 au 12. Hata hivyo, wanawake wa Kilatino huugua saratani hiyo kwa kiwango kinachowazidi wanawake weupe wasio Walatino.

Mafunzo huanza na sentensi moja. Daktari anaweza kuuliza, "Je, ungependa achanjwe?" au akaarifu, "Leo mtoto wako atapata chanjo." Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 kuhusu chanjo za watoto wadogo ulionyesha kuwa asilimia 83 ya wazazi walioulizwa walipinga, ilhali miongoni mwa walioarifiwa ni asilimia 26 tu. Swali hudokeza shaka. Taarifa hudokeza mazoea. Mzazi hapokonywi haki ya kukataa. Anapositasita, mhudumu hufunzwa kumsikiliza kwanza, kwani kuuliza si ujinga.

Utafiti huo, hata hivyo, haukuwahusu Walatino mahsusi, na kauli hiyo haihamishiki vivi hivi. Kihispania hubeba heshima katika kiwakilishi chenyewe: mzazi huitwa usted, wala si tú. Taarifa isiyo na heshima hii huweza kusikika kama amri. Aidha, pasipo mkalimani, mara nyingine mtoto ndiye hutafsiri. Hebu fikiria msichana wa miaka 12 akimweleza babake habari za virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana! Mengine atayameza. Ndiyo maana wahudumu huhimizwa kuwatumia wakalimani waliohitimu, pamoja na promotores, yaani wahamasishaji wa afya wanaotoka katika jamii hizo hizo.

Kwetu wanafunzi wa lugha, suala hili linatukumbusha kuwa pragmatiki si nadharia ya mtihani tu. Kosa la kauli katika chumba cha daktari huweza kulipiwa miaka mingi baadaye, kwa maradhi ambayo yangezuilika.