Bomba la Moshi Lisilofikiwa na Mpishi

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55.1 ya kaya za Kenya zilitegemea kuni kwa mapishi. Huku Embu na Meru hilo halishangazi. Kuanzia Runyenjes hadi Imenti, mipaka ya mashamba imepandwa migrevilea, mibuni hukatiwa matawi, na sufuria ya githeri hukaa motoni saa mbili au zaidi. Mengi yamefanywa ili jikoni pasiwe na moshi, ila karibu yote yamehusu kujenga jiko. Anayejenga huondoka, bomba hubaki, na hakuna aliyekabidhiwa kazi ya kulifagia. Nashikilia kuwa hapo ndipo afya ya mpishi inapopotea.

Ushahidi wenye uzito unatoka jimbo la Odisha, India. Watafiti Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walifuatilia kwa miaka kadhaa kaya zilizopewa majiko ya udongo yenye bomba. Mwaka wa kwanza moshi aliouvuta mpishi ulipungua. Baadaye nafuu hiyo ikatoweka, na vipimo vya afya havikuonyesha tofauti. Majiko yaliharibika, wenyewe hawakuyatengeneza, na wengi hawakuyatumia ipasavyo. Ni kweli Odisha si Embu, lakini udongo hupasuka popote na masizi huganda popote.

Bomba huvuta kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya nje. Likipoa, mvuto hulegea. Kuni mbichi huliumiza mara mbili: joto jingi huishia kukausha maji yaliyomo, kisha moshi mzito na wenye unyevu hupanda polepole hadi kwenye bati baridi, hasa asubuhi za Julai zenye ukungu. Hapo hugeuka utando mweusi unaong'aa kama lami. Utando huo hupunguza nafasi ya moshi kupita, moshi hurudi jikoni, na pamoja nao hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu. Tena lami hiyo inawaka. Ikishika moto ndani ya bomba, joto huweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na mbao za paa zilizobanana na bati hilo ndizo za kwanza kuungua. Mafundi wa dohani hushauri bomba lisafishwe kabla utando haujazidi milimita tatu hivi, na mbao ziachiwe nafasi pale bomba linapotoboa paa.

Kwa hiyo matunzo huanzia kwenye rundo la kuni. Grevilea iliyokatwa Januari, ikapasuliwa na kupangwa juu ya mawe chini ya upenu, huwa imepata majuma mengi ya jua kabla ya masika kuanza Machi. Gogo zima hukauka taratibu sana, maana gome huzuia maji kutoka. Majivu nayo yatolewe yakiwa yamepoa, au yawekwe kwenye debe la chuma lenye kifuniko, kwa kuwa kaa lililofunikwa na majivu huweza kubaki hai hadi kesho yake.

Wapo watakaosema gesi imefika, tuachane na kuni. Gesi ni safi zaidi, na anayeimudu aitumie. Lakini nyumba nyingi zenye mtungi huchemshia chai kwa gesi na kurudi kwenye kuni kwa maharagwe, kwa sababu kuni za shambani hazinunuliwi. Wengine hutetea moshi wenyewe: hufukuza wadudu kwenye mahindi ya darini na kuupa mwili joto. Joto hutoka motoni, nalo jiko lenye bomba linalo pia. Mahindi yana mifuko isiyopitisha hewa. Mapafu ya mtoto aliyebebwa mgongoni hayana kinga kama hiyo.

Pingamizi zito ni la tatu: nani apande paani? Anayevuta moshi kwa kawaida ni mama, na kupanda ngazi si kazi anayoachiwa. Kumhimiza tu hakutoshi. Ni umbo la bomba linalopaswa kubadilika. Chini, pale bomba linapopinda kutoka jikoni, fundi akate kidirisha chenye kifuniko cha bati, kiasi cha mkono kuingia na brashi ya waya ya mpini mrefu. Mpishi akiwa amesimama sakafuni, jiko likiwa limepoa, ataweza kuangusha masizi mara moja kwa mwezi, na mara nyingi zaidi wakati wa mvua.