Neno refu lina vipande, na mama anavijua

Mtoto anayekwama mbele ya neno "watatulimia" si mjinga. Anashika herufi moja moja, na akifika mwisho amekwisha kusahau mwanzo. Wengi wao walikatiwa masomo kwa kukimbia vita. Fimbo haiwasomeshi.

Mukate neno pamoja: wa-ta-tu-lim-ia. "Wa" ni wao, "ta" ni wakati ujao, "tu" ni sisi, "lim" ndiyo kazi yenyewe, "ia" ni kwa ajili ya mtu fulani. Hiyo "lim" inabaki vilevile katika lima, mkulima na kilimo. Hapa Mweso inasaidia sana: anayesema Kinyarwanda nyumbani amezoea "kurima", basi anaandika r. Akijua ukoo wa neno, ataweka l kila mahali. Tena kinywa chetu kinasema "mutoto", kitabu kinaandika "mtoto", kama vile mtu, mgeni, mkulima.

Mama asiyejua kusoma anaweza pia, maana vipande hivi anavitumia kila siku. Mukipalilia maharagi, umuulize: "Watatulimia. Na kama ni mimi peke yangu?" Atajibu: "Watakulimia." "Na kama ilikuwa jana?" "Walitulimia."

Jioni aandike maneno hayo chini kwa kijiti, akiacha nafasi kati ya vipande, kisha ayaandike tena bila nafasi.