Mtoto akiuliza nani amezikwa pale

Wazazi wengi wa Nakuru huipita Hyrax Hill wakielekea Nairobi bila kusimama. Kilima hicho cha mawe kimepewa jina la pimbi, na chini yake kuna makaburi ya wafugaji walioishi hapo maelfu ya miaka iliyopita.

Mary Leakey alianza kuyachimba mwaka 1937. Wanawake walikutwa wamezikwa na vyombo vya mawe. Wanaume hawakuwekewa kitu. Mtoto akisikia hivyo, maswali huanza. Walikufaje? Nani aliwazika?

Jibu linalomponyoka mzazi ni, "Wamelala tu." Afadhali liepukwe. Mtoto wa miaka minne hulichukua neno lilivyo, na usiku anaweza kuogopa kufumba macho, au kulia mama akisinzia. Mwambie wamekufa: miili yao iliacha kufanya kazi, hawasikii baridi wala njaa, na jamaa zao wakawazika. Bibi huenda akaona ni maneno makali, lakini mtoto huyabeba vizuri kuliko tunavyodhani. Akiuliza, "Na wewe utakufa?" usimkaripie. Mwambie unatarajia kuishi naye miaka mingi, na kwamba daima kutakuwa na mtu wa kumtunza.

Akitosheka, mwonyeshe mashimo ya Wasirikwa, yale mabonde madogo ya duara yaliyokuwa mazizi ya mifugo, kisha vishimo vya bao vilivyochongwa mwambani. Beba maji na kofia. Avae viatu vilivyofunika vidole, kwa maana mawe ni mengi hadi kileleni, ambako Ziwa Nakuru huonekana.