Mashimo Manne na Biashara ya Usukani Galu

Ian Duncan wa Kenya alishinda mashindano ya magari ya zamani ya Safari Classic mwaka 2009 akiendesha Ford Mustang. Watazamaji walishangilia injini ya V8. Mimi hutazama chini yake. Uzito wote ule wa chuma umelalia magurudumu mawili ya mbele, na kila jiwe la njiani humalizia nguvu zake kwenye boljointi, bushi na viti vya springi. Gari la namna hiyo likimaliza mbio likiwa bado linanyooka, ujue kuna mtu aliyelipima kabla halijaondoka.

Kupima huko ndiko bidhaa ambayo gereji za Ukunda na Diani, pwani ya kusini ya Kenya, hazijajifunza kuiuza.

Mteja wa Galu, jirani na Diani, anafahamika. Ana nyumba karibu na bahari, na gari la zamani analolipenda: Land Rover ya Series, au Peugeot 504, jina lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Barabara ya Diani ina lami, lakini ukikata kuelekea nyumbani unakutana na mchanga na mwamba wa matumbawe uliochongoka. Hewa ya chumvi nayo haina likizo. Raba ya kifuniko cha boljointi ikipasuka leo, mchanga umeshaingia ndani, kutu inafuata. Tena gari hilo si rahisi kulibadilisha na jingine la rika lake: kanuni za Kenya huzuia kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na hutaka usukani uwe kulia. Magari ya zamani yaliyopo ndiyo mtaji wote wa biashara hii. Kila moja linalokufa ni mteja aliyepotea moja kwa moja.

Pesa yenyewe huingia hivi. Mwenye gari analalamika kuwa usukani unacheza. Fundi anamwambia ni tairodi, spea inanunuliwa Mombasa, faida kubwa inabaki dukani, fundi anapata pesa ya mkono. Baada ya muda mchezo unarudi, safari hii inalaumiwa boljointi. Kisha linaguswa steringi boksi, na hapo ndipo hasara kubwa huanzia.

Boksi la aina ya Mustang, lenye gololi zinazozunguka ndani, limechongwa makusudi libane kidogo usukani unapokuwa umenyooka, na lilegee ukikata kona. Fundi akikaza skrubu ya juu ili kuua mchezo uliotoka kwenye bushi zilizokufa, meno yanasagana pale katikati. Usukani unakuwa mgumu, haurudi wenyewe, na boksi ambalo lingeishi miaka mingi linaharibika. Boksi liguswe mwisho kabisa, baada ya tairi, beringi, bushi, boljointi na tairodi zote kukaguliwa gari likiwa limeinuliwa na mtu wa pili akitikisa gurudumu. Kwenye Land Rover ya Series kuna pia rilei ya usukani, imejificha ndani ya fremu ya mbele. Ina mafuta yake, na kwa kuwa haionekani huachwa ikauke mpaka ikwame.

Historia ya Mustang yenyewe inaonyesha thamani ya vipimo. Gari hilo lilitoka Aprili 1964 likiwa na miguu ya mbele ya familia moja na ya Mercury Comet, gari ambalo Ford ilileta Afrika Mashariki mwaka huohuo kwa ajili ya Safari. Comet mbili tu ndizo zilizomaliza, zikiwa nyuma sana. Peter Hughes alishinda kwa Ford Cortina ndogo. Mhandisi wa Ford, Klaus Arning, alikuwa amekokotoa kwamba mkono wa juu wa miguu hiyo ya mbele ukishushwa takriban milimita 25, tairi hulala vizuri zaidi barabarani gari linapoinama kwenye kona. Mjenzi wa magari ya mbio Carroll Shelby akatumia hesabu hiyo kwenye Mustang yake ya GT350 ya 1965. Kazi yote ni mashimo manne mapya, mawili kila upande. Mkono ni uleule, boliti ni zilezile. Mustang za kupelekwa nchi za nje nazo ziliwekewa chuma cha kufunga viti vya springi na ukuta wa injini, kwa sababu kiwandani walijua barabara mbovu huvipinda. Kwa njia za Galu, mimi ningeanza na chuma hicho kabla ya mashimo, maana mashimo huishusha pua ya gari kidogo, na mwamba wetu hauna huruma na tumbo la gari.

Halafu kuna pembe za magurudumu. Vipimo vya vitabu vya miaka ya 1960 viliandikwa kwa tairi za nyuzi za mshazari. Leo karibu kila mtu ana tairi za radial, kwa hiyo vipimo hivyo visichukuliwe kama vilivyo. Kuulaza mhimili wa usukani nyuma kidogo zaidi kunalifanya gari lishike njia na usukani urudi wenyewe. Gharama yake ni uzito mikononi wakati wa kuegesha. Mteja aambiwe hivyo mapema, achague mwenyewe.

Hakuna mashine ya kifahari inayohitajika kuanzia. Uzi, timazi na sakafu iliyo sawa vinatosha kujua kama magurudumu yanatazamana ipasavyo, na sakafu ndiyo gharama kubwa. Wenye gereji wasichelewe, kwa kuwa soko limeanza kuhama. Zamani foleni ya kivuko cha Likoni iliwalinda mafundi wa kusini, kwani nani angeshinda kwenye feri kwa ajili ya kupanga magurudumu? Sasa barabara ya Dongo Kundu inamfikisha mteja bara bila kupanda feri, kwenye maduka yenye mashine na karatasi ya vipimo.

Gereji ya Ukunda inaweza kuyatangulia maduka hayo. Iandike risiti yenye mistari miwili: spea peke yake, upimaji peke yake, na vipimo vya kabla na baada viandikwe kwa kalamu chini yake. Na mteja alipie mstari wa pili hata siku ambayo hakuna spea iliyobadilishwa.