Mwanya Ambao Daktari Bashir Hakuuziba

Daktari McCoy amevaa kofia ya ajabu iliyomjaza, kwa muda mfupi tu, elimu ya upasuaji ambayo binadamu hajaifikia. Mbele yake amelazwa Spock. Ubongo wake uliibwa ukaendeshe mitambo ya mji wa chini ya ardhi, na sasa McCoy anamrudishia, neva baada ya neva, kama fundi umeme aliyeitwa kwenye nyumba iliyoungua. Katikati ya kazi elimu inaanza kumtoka. Anawahi kuunga sauti, na mgonjwa mwenyewe, angali mezani, anaanza kumwelekeza daktari wake. Kipindi hicho cha Star Trek kilirushwa mwaka 1968, na mashabiki hukitaja kwa kicheko mpaka leo. Mimi nakipenda, maana kosa lake ni la wengi wetu: tukiambiwa ubongo una umeme, tunaona nyaya.

Kumbe nyaya zenyewe hazigusani. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, akichora alichokiona kwenye hadubini mwishoni mwa karne ya 19, alishikilia kwamba kila seli ya neva inajitegemea, imesimama mkabala na jirani yake. Mwitalia Camillo Golgi, ambaye ndiye aliyebuni mbinu ya kuzitia seli hizo rangi, aliona wavu mmoja usiokatika. Mwaka 1906 waligawana Tuzo ya Nobel bila kukubaliana. Pale seli mbili zinapokaribiana, Mwingereza Charles Sherrington alikuwa ameshapapa jina mwaka 1897: sinapsi. Mwanya wake ni kama nanomita 20. Ipange mianya elfu kadhaa ndipo upate unene wa unywele. Zipo sinapsi ambamo umeme hupita moja kwa moja, ila katika nyingi umeme hufika ukingoni ukakomea hapo. Vifuko vidogo hufunguka na kumwaga kemikali, kemikali huvuka na kunasa kwenye vipokezi vya ng'ambo, na seli ya huko ama inachochewa, ama inatulizwa.

Aliyeuonyesha uvukaji huo ni Otto Loewi, mwaka 1921. Kwa simulizi yake mwenyewe, jaribio lilimjia usingizini. Akaandika maneno gizani, asubuhi akashindwa kuyasoma. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na safari hii hakungoja kuche, alikwenda moja kwa moja maabara. Alichukua mioyo miwili ya vyura, akaisisimua neva ya moyo mmoja hadi mapigo yakapungua, kisha maji yaliyouzunguka moyo huo akaupa wa pili. Huo wa pili nao ukapunguza mapigo, bila neva yake kuguswa. Ujumbe ulikuwa umesafiri ndani ya maji.

Star Trek haikukosea kila mara. Katika kipindi cha mwaka 1989, afisa Riker anachomwa na mmea, vijidudu vinaingia kwenye neva zake na kupanda kuelekea ubongoni. Daktari Pulaski anagundua kwamba kumbukumbu tamu zinavistawisha na kumbukumbu chungu zinavidumaza, kwa sababu ya kemikali ambazo ubongo unatoa kwa kila hali. Kama hadithi, kipindi ni dhaifu, kimejazwa vipande vya vipindi vya zamani. Lakini angalau mwandishi alijua kwamba ubongo ni mahali penye majimaji.

Kipindi ninachokiheshimu ni cha mwaka 1995, katika mfululizo wa Deep Space Nine. Kiongozi wa dini, Vedek Bareil, ameumia akiwa njiani kwenda kwenye mazungumzo ya amani. Daktari Julian Bashir (jina lake lina mzizi mmoja na neno letu kubashiri, na mwigizaji wake, Alexander Siddig, alizaliwa Sudan) anabadilisha nusu ya ubongo iliyokufa kwa mtambo wa pozitroni. Neno hilo limetoka kwa mwandishi Isaac Asimov, na tusilichimbe sana: pozitroni halisi ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka. Bareil anazinduka, anazungumza, anafanya kazi. Ila Kira, mpenzi wake, akimgusa, Bareil anasema mguso si ule wa zamani.

Hapo mwandishi alilenga penyewe. Seli moja ya neva inaweza kupokea maelfu ya sinapsi, na kila moja ina nguvu yake, iliyojengwa na matumizi. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walionyesha, kwa ubongo wa sungura, kwamba sinapsi ikichochewa kwa kasi huimarika na kubaki hivyo kwa saa nyingi. Mguso wa Kira haukuwa umehifadhiwa kwenye kasha. Ulikuwa umetawanyika kwenye uzito wa mianya isiyohesabika. Na kuichora tu mianya hiyo si mchezo. Ramani ya seli za neva 302 za mnyoo mdogo ilichapishwa mwaka 1986. Ya ubongo wa inzi wa matunda aliyekomaa ilikamilika mwaka 2024: seli kama 139,000 na sinapsi zaidi ya milioni 50. Binadamu ana seli za neva bilioni 86 hivi.

Hata hivyo ningeutetea mtambo wa Bashir kidogo. Watu wanaowekewa kifaa cha kusikia ndani ya sikio, kile kinachoisisimua neva kwa umeme, mara nyingi husema siku za mwanzo kwamba sauti za watu ni kama za roboti. Baada ya miezi sauti hizo huanza kuwa za watu. Kifaa ni kilekile. Kilichobadilika ni sinapsi za mwenye sikio, zilizojifunza lugha ya mgeni. Bareil hakupewa miezi. Nusu yake iliyo hai ndiyo ingefanya kazi hiyo ya kujifunza, na ndiyo iliyofuata kufa.

Kira anamsihi Bashir abadilishe na hiyo. Mtambo upo, mikono ipo. Bashir anakataa, na Kira anabaki kando ya kitanda.