Kinu cha Kusaga: Dizeli au Umeme?

Tangu nguzo za umeme zifike vijijini huku Mbozi na Momba, ubishi haukomi: mwenye mashine ya kusaga abaki na injini ya dizeli, au afunge mota?

Lita moja ya dizeli ina nguvu ya kama uniti 10 za umeme. Nyingi, sivyo? Lakini sogeza mkono karibu na rejeta, halafu karibu na bomba la moshi. Joto lile ni dizeli uliyoinunua, na halisagi hata punje. Injini ndogo iliyo nzima hufikisha kwenye mkanda kama uniti 3 tu, iliyochoka, pungufu. Mota hufikisha kama tisa katika kila kumi. Basi kazi ya lita moja mota huifanya kwa uniti 3 na nusu hivi. Linganisha bei mwenyewe.

Mbona malori ya foleni ya Tunduma ni ya dizeli? Injini zao kubwa ni bora, hufika nne katika kumi, na mafundi wanaziboresha bado. Lakini hasa ni uzito: kilo ya dizeli hubeba nguvu zaidi ya mara 40 ya kilo ya betri. Betri zingekula nafasi ya shaba. Kinu hakisafiri, waya humfuata.

Uliza kwanza kama laini yenu ni ya njia tatu, maana mota ya kinu kwa kawaida hutaka hiyo. Na injini ya zamani usiiuze. Umeme ukikatika akina mama wamepanga madebe mlangoni, utarudisha mkanda na kuendelea kusaga.