Kompyuta Iliyogoma Kuwaka Haijafa

Ilikuwa Alhamisi, yapata saa tatu usiku, mpwa wangu aliponijia barazani akiwa mkimya kuliko desturi yake. "Mjomba, kompyuta haiwaki," akasema, kisha akatazama chini.

Nilipoingia ndani niliona mambo mawili yasiyopatana. Feni zilikuwa zikizunguka na taa zikimeta, ilhali kioo kilikuwa cheusi tititi. Ndani ya mashine hiyo zilikuwamo hesabu zote za kikundi cha kuweka na kukopa ambacho mke wangu ni mweka hazina wake, na mgawo wa mwaka ulikuwa ufanyike Jumamosi. Nakala nyingine haikuwapo.

Kijana hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameongeza vijiti viwili vya kumbukumbu vya mtumba kando ya viwili vya zamani. Kisha akaingia katika bayosi, yaani ile programu ndogo ikaayo katika ubao mkuu na kuamka kabla ya programu nyingine yoyote, akawasha mpangilio uitwao XMP. Alipohifadhi, mashine ilijizima ili iwake upya, na hapo ndipo ilipokwama.

Yafaa msomaji aelewe kiini cha mkwamo wa namna hii. Kijiti cha aina ya DDR4 kilichoandikwa 3200 mara nyingi hakianzi kazi kwa kasi hiyo. Kwa kawaida huamka kwa kasi ya salama, kama vile 2133 au 2400, kikitumia umeme wa volti 1.2. Kasi kubwa imeandikwa na kiwanda katika jedwali dogo lililomo ndani ya kijiti chenyewe. XMP, iliyoletwa na Intel mwaka 2007, na EXPO, iliyoletwa na AMD mwaka 2022, ni njia za kuuambia ubao ulifuate jedwali hilo, na mara nyingi umeme nao hupanda hadi volti 1.35. Vijiti viwili vilivyouzwa pamoja aghalabu huitikia bila taabu. Lakini vijiti vinne vya viwanda mbalimbali ni sawa na wapiga makasia wanne ambao hawajapata kukaa chombo kimoja. Prosesa inakosa majibu sahihi, na bila ya kumbukumbu haiwezi kuandika hata herufi moja kiooni.

Asubuhi yake fundi mmoja alikuja, akatazama dakika tano, akatamka kwamba ubao umeungua na hauna budi kununuliwa mwingine. Mke wangu akaanza kuhesabu fedha. Mimi sikuridhika. Kitu kilichogoma mara tu baada ya kubadilishwa mpangilio, cha kushukiwa kwanza ni huo mpangilio.

Hatua ya kwanza ni subira, nayo ndiyo iliyo ngumu kuliko zote. Ubao hujizima na kujiwasha wenyewe mara kadhaa ukitafuta mwendo unaofaa, na mbao nyingi zikishindwa hurudi zenyewe katika kasi ya salama. Mashine mpya za DDR5 huweza kukaa gizani dakika kadhaa katika uwashaji wa kwanza, na zenye kumbukumbu kubwa hukaa zaidi ya hapo. Watu wengi huchomoa waya katikati ya kazi hiyo, ikalazimika kuanza upya.

Yetu tuliingoja nusu saa nzima bila mafanikio, ndipo tukaifungua. Mpangilio wa bayosi unaweza kufutwa, na katika mbao nyingi ile betri ya duara, CR2032 ya volti 3, iliyo mfano wa sarafu, ndiyo ufunguo. Tulichomoa waya wa umeme ukutani, tukabonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, tukagusa chuma cha kasha, kisha tukaitoa betri na kungoja dakika kumi. Mbao nyingi zina pia pini mbili zenye alama ya CLR_CMOS au CLRTC, ambazo huunganishwa kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde chache, waya ukiwa umechomolewa. Sanduku la kugawia umeme lisifunguliwe kamwe, kwani hubaki na umeme wa kudhuru hata baada ya kuchomolewa.

Tukaacha kijiti kimoja tu, cha zamani, katika nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa, tukakisukuma mpaka kikalia. Kioo kikawaka. Mke wangu hakusema neno, aliketi tu.

Ieleweke kwamba kufuta mpangilio hakugusi diski. Hesabu zilikuwa salama wakati wote. Hata hivyo saa na tarehe hurudi nyuma, mpangilio wa diski huenda ukabadilika, na Windows iliyofungwa kwa BitLocker huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo utafutwe kabla ya kugusa chochote.

Kijana alitaka arudishe vijiti vyote vinne papo hapo kwa kasi ya 3200. Nilikataa. Kumbukumbu isiyotulia ina hatari kuliko iliyogoma, maana mashine huwaka, ikafanya kazi, huku ikibadilisha tarakimu kimyakimya. Na tarakimu hizo ni akiba za watu. Tuliviweka kwa kasi ya 2666, tukaendesha programu ya MemTest86 usiku kucha hadi Jumamosi alfajiri, na haikuonyesha kosa hata moja.

Saa nne asubuhi mgawo ulifanyika. Mke wangu alikuwa ameshachapisha hesabu zote, kurasa kumi na moja, akazifunga kwa uzi na kuzitia kabatini pamoja na vyeti vya watoto.